Bei Ikianguka, Moyo Usianguke

Kila mwaka wa ukame mnada wa ng'ombe hutoa somo lile lile, na kila mwaka wanafunzi wake huonekana kuwa wapya. Majani yanapokauka katika vijiji vya Serengeti na Tarime, wenye mifugo huanza kutazamana. Mmoja akiswaga ng'ombe wake watano kwenda mnadani, jirani yake hukesha akiwaza. Kesho yake naye huswaga wake kumi. Kabla mwezi haujaandama, kila boma limemiminika mnadani siku moja, wauzaji ni wengi na wanunuzi wanahesabika kwa vidole, na fahali aliyekuwa fahari ya nyumba huondoka kwa bei ya ndama. Mvua ikinyesha, aliyeuza hana ng'ombe wala fedha. Fedha imekwisha kuliwa, na ng'ombe yule yule sasa anauzwa kwa bei asiyoiweza.

Hatusemi kuwa kila anayeuza ng'ombe wakati wa ukame ni mjinga. Aliyeuza wawili mapema, akanunua chakula na kuwalinda wanane waliosalia, ametumia akili. Tunayemzungumzia ni yule aliyeuza kwa sababu tu aliona wenzake wanauza. Huyo hakuuza ng'ombe. Aliuza hofu yake, na hofu siku zote huuzwa kwa bei ya chini.

Tumeanza na mnada wa ng'ombe kwa makusudi, kwani leo twataka kuzungumzia mnada mwingine usio na vumbi wala fimbo, nao ni soko la hisa. Wako watakaouliza, hisa zina uhusiano gani na mkulima wa kahawa wa Tarime, na kijana anayeongoza watalii Serengeti, au na mvuvi wa Ukerewe na Ukara? Jibu letu ni kwamba uhusiano upo, na unakua. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili, 1998, likiwa na kampuni moja tu. Tangu hapo mabenki, viwanda vya saruji, viwanda vya bia na sigara, na kampuni ya simu vimeuza hisa zao kwa wananchi. Siku hizi mtu aliye kisiwani aweza kununua hisa kwa simu yake ya mkononi. Tena, katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Nyamongo zimelipwa fidia za ardhi, na fedha ya namna hiyo, inayokuja mara moja katika maisha ya mtu, hutafuta pa kukaa. Baadhi yake itafika katika soko hilo. Ni heri ifike ikiwa na macho.

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa hana tofauti na mwenye mguu mmoja katika ng'ombe wa ushirika: maziwa yakipatikana hupewa fungu lake, ambalo huitwa gawio, ng'ombe akikonda, na mguu wake hukonda. Bei ya hisa hupanda na kushuka kila siku ya soko, na hapo ndipo tabu inapoanza, maana bei hiyo huchukua habari mbili kwa pamoja: habari ya afya ya kampuni, na habari ya mioyo ya watu. Asiyeweza kuzitenganisha habari hizo mbili atauza anapopaswa kutulia, na atanunua anapopaswa kukimbia.

Mfano mkubwa kuliko yote umetokea mlangoni petu. Mwezi Machi, 2010 kampuni ya African Barrick Gold, iliyomiliki mgodi wa North Mara wilayani Tarime pamoja na migodi mingine nchini, iliuza hisa zake katika soko la London kwa peni 575 kila moja. Mwaka 2011 hisa hizo ziliandikishwa pia Dar es Salaam, ingawa biashara yake huko ilikuwa haba. Mwaka 2014 kampuni ikabadili jina na kuitwa Acacia. Dhahabu ilichimbwa Nyamongo, lakini thamani ya mgodi ilipimwa kila asubuhi na watu wa London ambao wengi wao hawakupata kuuona Mto Mara.

Machi, 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi. Mei mwaka huo ikatolewa taarifa ya kamati ya kwanza ya kuchunguza makontena ya mchanga huo, na bei ya hisa za Acacia ikaanguka kwa zaidi ya robo katika muda wa siku chache. Julai likafuata dai la kodi la dola za Marekani bilioni 190. Kufika katikati ya 2018 hisa iliyouzwa kwa peni 575 ilikuwa chini ya peni 150.

Ni nani aliyekuwa na haki katika mgogoro ule? Hilo silo shauri letu leo. Mgogoro ulimalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 24, 2020, na Serikali ikapata asilimia 16 ya umiliki katika kampuni ya Twiga na migodi yake. Shauri letu ni mwenendo wa wenye hisa. Ikumbukwe kwamba marufuku ile iligusa mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi. Mgodi wa North Mara haukutegemea kusafirisha mchanga; uliendelea kuyeyusha na kuuza dhahabu yake, na mwaka 2018 ulitoa zaidi ya nusu ya dhahabu yote ya kampuni. Mkazi yeyote wa Nyamongo angaliweza kushuhudia kwamba magari yalikuwa yakipanda na kushuka usiku na mchana. Waliouza kwa kishindo huko London waliuza vyote kwa pamoja, kilichougua na kilicho kizima.

Na ni nani aliyenunua? Mnunuzi alikuwa Barrick, kampuni mama, ambayo tayari ilikuwa na karibu asilimia 64 ya hisa na iliyajua mashimo yale kwa ndani. Mei, 2019 ilitangaza nia ya kuzichukua hisa zilizobaki kwa bei ambayo wenye hisa wadogo waliiona ni ya kuwapunja. Wakakataa. Wakatoa hoja zao hadharani, wakataja hesabu. Julai Barrick ikaongeza kiwango, na bei ikafika takriban peni 232 kwa kila hisa. Septemba, 2019 biashara ikakamilika. Basi aliyekuwa ameuza katikati ya 2018 kwa kuogopa kwamba yote yatapotea, alipoteza tena karibu nusu ya kile ambacho angalikipata kwa kungoja mwaka mmoja.

Lakini msomaji asiharakishe kuhitimisha kwamba dawa ya kila anguko ni kungoja tu. Mtu aliyenunua kwa peni 575 mwaka 2010, akangoja kwa uaminifu miaka tisa, aliondoka na chini ya nusu ya fedha yake, kabla hata ya kuhesabu gawio alilopata njiani. Kosa lake halikufanywa mwaka 2017. Lilifanywa siku ile ya kununua, wakati bei ya dhahabu duniani ilikuwa ikipanda na kila mtu akiona kwamba itapanda milele. Dhahabu ilipita dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, kisha ikashuka hadi karibu dola 1,050 mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo hofu na tamaa ni ndugu wa tumbo moja. Tamaa hutununulia kwa bei ya juu, na hofu hutuuzia kwa bei ya chini.

Jirani zetu ng'ambo ya mpaka wa Sirari wana hadithi yao. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni ndefu, wengine wakakopa benki ili wanunue, wakitumaini kuuza baada ya wiki mbili na kuweka faida mfukoni. Mwaka huo huo misukosuko ya fedha iliyoanzia Marekani ikaitikisa dunia nzima, na kufika mwanzoni mwa 2009 hisa ile ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyekopa alidaiwa na benki, akalazimika kuuza kwa hasara. Aliyetumia akiba yake mwenyewe aliweza kuvumilia. Na mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40. Hata hapo wako waliokimbilia kununua kwa bei ya kilele, na mwaka 2023 wakaiona ikiwa chini ya shilingi 15. Hisa ilikuwa ni ile ile, na kampuni ni ile ile. Waliotofautiana ni wanunuzi: fedha walizipata wapi, na waliingia wakiwa na moyo gani.

Hapa nyumbani tunayo benki ya CRDB. Mwaka 2009 hisa yake iliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 150. Mwaka 2015 wenye hisa waliuziwa hisa mpya kwa shilingi 350. Baadaye mikopo isiyolipika iliongezeka katika mabenki, faida ikapungua, na kufika 2019 bei ilikuwa imeshuka chini ya ile ya mwaka 2009. Miaka kumi ilionekana kuwa imepotea bure, na wako waliouza kwa uchungu. Kufika mwaka 2024 bei ilikuwa imepita shilingi 600, na gawio lililotolewa mwaka huo pekee, shilingi 50 kwa kila hisa, lilikuwa theluthi ya bei ya awali. Hatuitaji benki hiyo ili kumshauri mtu anunue au auze hisa zake. Hakuna anayejua ya kesho. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kushuka kwa bei hakumaanishi daima kufa kwa kampuni.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu huuza wakati usiofaa? Wataalamu Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza humlemea binadamu kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Mtu aliyezaliwa ng'ombe wawili zizini husimulia jioni moja. Aliyeibiwa ng'ombe wawili husimulia mwaka mzima. Uchungu huo ukikutana na uvumi, huzaa mkimbio. Na katika mkimbio hakuna anayeuliza simba yuko wapi. Kila mmoja hutazama mgongo wa aliye mbele yake. Wanaoishi karibu na hifadhi ya Serengeti wameona nyumbu wakifanya hivyo mtoni, na wameona pia ni nani anayeshiba baada ya mkimbio huo.

Ndugu zetu wa visiwani nao wameyaona haya, ingawa bidhaa yao ni nyingine. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria, bei ya sangara ilianguka kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine. Milango ikaja ikafunguliwa tena, na samaki wakarudi kuwa mali. Aliyekuwa ameuza mtumbwi na nyavu zake kwa bei ya kutupa hakuweza kurudi majini pamoja na wenzake. Hapo pana tofauti ya kuuza mavuno na kuuza jembe. Bei ya mavuno ikishuka, mtu aweza kupunguza matumizi akasubiri. Akiisha kuuza jembe, hata bei ikipanda haimfai kitu.

Kutokana na mifano hii twapendekeza kwamba kila mwananchi anayetia fedha katika hisa ajiulize maswali matatu, na ajiulize kabla ya kununua, si siku ya anguko. La kwanza: fedha hii nitaihitaji lini? Fedha ya ada ya mtoto mwakani, ya matibabu, au ya mbegu za msimu ujao, haina kazi katika soko la hisa, kwa maana hitaji litakapobisha hodi mwenyewe atauza kwa bei yoyote atakayoikuta. La pili: kampuni hii hupata faida yake kwa njia gani, na nani anaisimamia? Asiyeweza kumweleza mke wake au mume wake jambo hilo kwa maneno machache hajawa tayari kununua. La tatu: bei ikishuka kwa nusu, nitafanya nini? Jibu liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kabatini. Siku ya hofu ikifika, ifunguliwe karatasi hiyo iliyoandikwa na moyo uliotulia, wala tusikae kusikiliza redio ya kijiwe.

Na bei inaposhuka, swali la kuuza au kununua lirudishwe kwenye sababu. Je, kampuni imepoteza wateja wake, au ni soko zima linalotikisika kwa habari za mbali? Je, shimo limekwisha dhahabu, au ni London tu inayotetemeka? Kama sababu ni ugonjwa wa kweli, kuuza si woga, hata kama ni kwa hasara. Kama sababu ni mkimbio wa watu, basi huenda huo ndio wakati wa kununua kidogo kidogo, kwa yule mwenye akiba isiyo na haraka. Na aliye na fedha ndogo, asiyetaka kuchagua kampuni mwenyewe, ana njia ya mifuko ya pamoja kama Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005, ambao hukusanya akiba za wengi na kuzigawanya katika mahali pengi, ili kampuni moja ikianguka isimzike mtu mzima mzima.

Maneno yetu ya mwisho twayaelekeza kwa viongozi na watumishi wa Serikali, kwa kuwa hofu ya wananchi haizaliwi na wananchi peke yao.

Kwanza, taarifa zinazogusa kampuni zenye hisa mikononi mwa watu zitolewe zikiwa kamili na kwa wakati. Serikali ina haki ya kudai kodi yake na kulinda rasilimali za Taifa. Hilo halina ubishi. Lakini taarifa inayotolewa nusu leo na nusu wiki ijayo huacha katikati pengo ambalo uvumi hulijaza. Anayefaidi pengo hilo ni mwenye habari za ndani, naye si mkulima wa Tarime.

Pili, elimu itangulie fedha. Fidia zinapolipwa Nyamongo, kahawa inapolipwa katika vyama vya ushirika, au wavuvi wa Nansio wanapokusanyika katika vyama vyao vya akiba na mikopo, maafisa ushirika na maafisa maendeleo ya jamii wawepo kueleza tofauti ya hisa, hatifungani, akiba ya benki, na ulaghai. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana isingoje watu wapande basi kwenda Dar es Salaam kuifuata. Ije Tarime, ije Mugumu, ivuke kwa kivuko iende Ukerewe, na izungumze kwa lugha inayoeleweka.

Tatu, ulaghai usiachwe ukuvae vazi la soko la hisa. Wengi bado wanakumbuka DECI, ambako watu walihimizwa kupanda mbegu ya fedha wapate kuvuna maradufu, hadi mchezo huo uliposimamishwa mwaka 2009. Aliyeunguzwa huko huogopa hata benki halali. Na huko Nairobi, kati ya 2007 na 2009, baadhi ya makampuni ya madalali wa hisa yalianguka, wateja wasione fedha zao kwa wakati. Dalali akaguliwe kabla hajaanguka, maana ukaguzi baada ya msiba ni matanga.

Nne, fedha za umma za vijiji na halmashauri, zikiwamo zile zinazotoka migodini, zisitiwe katika hisa kwa sababu ya furaha ya bei, wala zisiondolewe kwa sababu ya kelele za bei. Ziamuliwe katika mkutano wa kijiji na katika baraza la madiwani, kwa muhtasari ulioandikwa, na kila mwananchi aweze kuusoma.

Twaandika haya baada ya dhahabu kupanda bei mwaka 2025 kuliko ilivyokuwa imepata kuwa kabla yake. Mwaka huo ilipita dola 3,000 kwa wakia. Furaha ilijaa katika mashimo na katika masoko. Ndiyo sababu tumechagua kusema sasa. Mwenye mifugo mwenye busara hukata majani na kuyahifadhi wakati wa mvua, wala hangoji aone mbavu za ng'ombe. Vivyo hivyo uamuzi wa siku ya anguko huandaliwa katika siku za neema. Anguko litakuja, kwani soko lisiloshuka halijapata kuwapo. Litakapokuja, wako watakaouza kwa sababu wenzao wameuza, na wako watakaosimama kando ya mnada wakiwa na nyasi ghalani na fedha mkononi. Twataka watu wa Tarime na Serengeti, na ndugu zetu wa visiwani, kwa mara hii wawe miongoni mwa hao wa pili.